Ya karatasi, ya simu au ya kusikiliza: Biblia ipi inunuliwe kwanza?

Kila kipaimara kinapokaribia, wazazi wawili watatu hunifuata baada ya ibada, tukiwa bado tumesimama nje tunaota jua, wananiuliza swali lile lile: "Mwalimu, huyu mtoto tumnunulie Biblia, au tumnunulie simu? Biblia si imo humo humo?"

Zamani hapakuwa na swali. Mtoto alipewa Biblia, kitabu cha nyimbo, na viatu vipya kama mwaka ulikuwa mzuri. Siku hizi mtoto mwenyewe ana hoja, na hoja zake si za kijinga. Simu ina Biblia, ina nyimbo, ina mahubiri. Ya nini kubeba mzigo kutoka Uyole, hapa Mbeya, hadi shule ya bweni?

Mimi hufundisha darasa la kipaimara na huimba besi kwenye kwaya. Mke wangu ametoka nyumba ya Wamoraviani wa Rungwe, na mama yake tunaishi naye. Kwa hiyo kwetu vyote vipo: kabati la vitabu lenye historia ya mchwa, simu tatu, na redio ndogo ya sola ambayo mama haachani nayo. Kila kimoja kimewahi kuniokoa na kila kimoja kimewahi kuniaibisha. Nitaeleza nilivyoviona, kila mtu apime kwa nyumba yake.

Simu inapokishinda kitabu

Tuanze na sifa za simu, maana wazee wenzangu hupenda kuziruka. Mtoto wa darasa langu alisikia mstari wa taa isiyofunikwa, hakujua uko wapi. Akaandika neno "taa" kwenye programu, akapewa orodha, akafika Mathayo 5:15 kabla mimi sijamaliza kulamba kidole nifungue karatasi. Kisha akakutana na maneno mawili: taa haiwekwi chini ya "pishi", huwekwa juu ya "kiango". Katika darasa lote la watoto wa Mbeya hakuna aliyejua pishi ni nini wala kiango ni nini. Bibi wa mmoja wao angejua, kwa kuwa nafaka ilipimwa kwa pishi, na kiango ni kinara cha kuwekea taa.

Hapo ndipo simu inapoonyesha nguvu yake kubwa. Biblia nyingi majumbani mwetu ni ya tafsiri iitwayo Union, iliyotoka nzima mwaka 1952 baada ya Agano Jipya lake la 1950. Ilifanywa ili Kiswahili cha Unguja na cha Mombasa vipate Biblia moja. Ni lugha ya pwani ya wakati ule, tamu, yenye mdundo unaokaa kichwani, lakini kijana wa Mbalizi huikwaa kila baada ya mistari mitano. Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990 iliandikwa kwa Kiswahili chepesi. Kwenye simu unazifungua zote mbili, mstari kwa mstari. Kufanya hivyo kwa karatasi kunahitaji kununua mbili na meza ya kuzilaza.

Kuna neno moja la tahadhari kuhusu programu zenyewe. Ukitafuta "Biblia Takatifu" kwenye Play Store utapata utitiri, na nyingi za bure huishi kwa matangazo. Nimeona kwa macho yangu mtoto anasoma Zaburi, katikati ya sura likaruka tangazo la mikeka ya kubashiri mechi: weka buku, vuna laki. YouVersion, iliyoanza 2008, ni ya bure na haina matangazo. Ina tafsiri za Kiswahili, na baadhi yake unaweza kuzipakua ukazisoma bila bando. Angalia alama ya kupakua kabla hujaondoka mjini, maana si kila tafsiri inaruhusiwa, na ukifika kijijini ndipo unagundua uliyoizoea ilikuwa inavutwa kutoka mtandaoni.

Kitabu kinapoishinda simu

Nilialikwa kusoma somo kwenye mazishi huko Rungwe. Mvua za huko mnazijua, hazinyeshi wala haziachi. Nilikuwa na simu tu, najiona wa kisasa. Nimesimama kando ya kaburi, nimefungua Yohana 11, tone likaanguka kwenye kioo. Kioo chenye maji hakijui kidole ni kipi na tone ni lipi. Sura ikaruka, nikairudisha, ikaruka tena. Nikafuta kwa shati, na hapo hapo mtu akapiga. Mlio wangu wa simu wakati huo ulikuwa wa bendi ya dansi.

Mzee mmoja, bila kusema neno, alinipa Biblia yake ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni wa sukari. Nikasoma hadi mwisho. Baadaye nilipomrudishia niliona pembeni mwa kurasa tarehe zimeandikwa kwa penseli, moja moja, na karibu na kila tarehe jina. Ilikuwa orodha ya misiba aliyosoma.

Hilo ni jambo ambalo simu ingeweza kulifanya kwa kinadharia, kwani ina mahali pa kuweka alama na maelezo. Lakini simu hubadilishwa, hupotea, huibwa stendi ya Kabwe, na nenosiri husahauliwa. Sijaona mjukuu aliyerithi alama za babu yake kutoka kwenye simu. Biblia za karatasi zenye mistari ya penseli ninazo mbili za marehemu, na ninajua mahali alipokuwa akikwama baba yangu.

Sehemu nyingine ambapo karatasi inashinda bila kupingwa ni jumuiya. Tunakutana nyumbani kwa mtu, tunasoma kwa zamu, mstari kwa mtu. Wenye simu kila mmoja amefungua tafsiri yake. Huyu anasoma "Bwana", anayefuata anasoma "Mwenyezi-Mungu", wa tatu amerudi mstari mmoja nyuma kwa kuwa kidole kiliteleza, na mama mwenye nyumba anauliza kwa upole, "Tuko wapi jamani?" Wakati huo wote meseji za muamala zinaingia. Biblia moja kubwa ikipita mkono kwa mkono, wote wanasubiri na kusikiliza, na asiyejua kusoma vizuri anasaidiwa na jirani aliyeegemea bega lake.

Na watoto wanaosomea simu hawajui Habakuki yuko wapi. Nimejaribu. Wape mashindano ya kufungua Biblia, yale tuliyocheza sisi shule ya Jumapili, utaona waliokuzwa na kitabu wanaruka moja kwa moja kwenye manabii wadogo, wenzao wanaanzia Mwanzo. Mtu atasema haina maana, simu itamtafutia. Sawa. Lakini anayejua kwamba Ruthu anakaa baada ya Waamuzi huanza kujiuliza kwa nini amewekwa pale, na hilo swali simu haimuulizi.

Kuhusu kudumu, nisiwadanganye, karatasi nayo ina maadui. Tukuyu na Kyela ni kuvu. Jikoni ni moshi. Huku kwetu ni mchwa, ambao walikula Mambo ya Walawi hadi Yoshua kwenye kabati langu wakaacha jalada likiwa zima kabisa. Weka kitabu juu ya rafu isiyogusa ukuta, na usikifungie kwenye nailoni siku zote, kikae hewani jua likiwaka. Hata hivyo Biblia iliyotunzwa hivyo itamzika mwenye nayo. Simu ya bei nafuu miaka mitatu ikifika tunashukuru, na katika miaka hiyo utakuwa umelipa bando, chaja mbili na kioo kimoja.

Nyimbo: hapa mambo yanachanganyika

Kwa kitabu cha nyimbo, anza na kanisa unaloabudu, si na duka. Mlutheri anahitaji Tumwabudu Mungu Wetu, maana humo mna nyimbo pamoja na liturgia, yaani utaratibu wa ibada. Bila hicho atabaki anajibu kwa kufuata midomo ya jirani. Msabato ana Nyimbo za Kristo. Tenzi za Rohoni utazikuta karibu kila nyumba ya Kiprotestanti kuanzia Iringa mjini hadi Tunduma. Kosa la kawaida ni kununua kilichopo dukani kwa kuwa jalada ni zuri. Namba za nyimbo hazilingani kati ya kitabu na kitabu, kwa hiyo kiongozi akitaja namba, wewe unafungua wimbo wa mavuno siku ya Ijumaa Kuu.

Vitabu hivi vya nyimbo vya kwenye simu vinafaa kama akiba. Usiku umeme umekatika, mnaimba nyumbani, mwanga wa simu ni taa na kitabu kwa pamoja. Kanisani sivipendi, ila ni sababu ya kizee: siwezi kujua kama kijana wa mstari wa mbele anaimba ubeti wa tatu au anajibu meseji.

Kwenye kwaya habari ni nyingine, na hapa simu imetubadilisha kuliko kitu chochote tangu tarumbeta za wamisionari wa Kijerumani. Zamani besi tulijifunza sauti yetu kwa kukaa kona moja Jumatano na Jumamosi, mwalimu anaturudia mpaka ashibe. Nusu yetu tuna vibanda Mwanjelwa; tukichelewa, sauti imepita. Sasa mwalimu anapiga besi peke yake kwenye kinanda, anarekodi, anatuma kwenye kundi la WhatsApp. Ninauza mchele huku naisikiliza kwa sikio moja. Jumamosi tukikutana, wimbo ambao ungetuchukua mwezi unasimama kwa wiki mbili.

Basi karatasi ya nota ya nini? Tulijibiwa siku mwalimu wetu alipohamia mkoa mwingine. Tulikuwa na nyimbo nyingi kwenye simu na hapakuwa na mtu wa kurekodi mpya. Waliobaki wanajua kusoma sol-fa walikuwa wazee wanne na dada mmoja. Wale watano ndio walioishika kwaya ile mwaka mzima. Mfumo wenyewe, ule wa d, r, m, f, s, l, t wenye nukta na alama za kugawa mapigo, ulienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 ili watu wa kawaida wajifunze kuimba kwa kusoma nota. Hauhitaji kinanda, hauhitaji umeme. Mtu mmoja akipata do, wengine wanajengea hapo. Kwa hiyo kwa mwimbaji kijana ushauri wangu hauna nusu: rekodi ya simu ikusaidie kwenda haraka, lakini jifunze kusoma nota, na nota yenyewe iwe kwenye karatasi. Sauti nne zilizobanwa kwenye kioo cha inchi sita huwezi kuzisoma huku unamtazama mwongozaji. Wakatoliki wamepiga hatua hapa, kwa kuwa nyimbo zao nyingi zimekusanywa na nota zake kwenye tovuti ya Swahili Music Notes. Wanapakua, wanachapa stationari, wanagawana.

Kuhusu spika na nyimbo za kwenye memori kadi zinazouzwa vibandani, nitasema kidogo tu. Unapewa mia mbili kwa bei ya soda, na aliyeimba hapati hata senti, ingawa sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999. Mwimbaji akija kwenye mkutano wenu, nunua kwake.

Kwa asiyeona vizuri, au asiyesoma

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea kwanza. Mama mkwe macho yalipopungua nilimnunulia Biblia ya maandishi makubwa. Ni kitu kizuri, namshauri kila mwenye mzazi aliyevuka sitini aanze na hiyo. Kwake ilifaa miaka miwili. Kisha hata miwani ikashindwa, na ile Biblia kwa uzito wake ikawa haikaliki mapajani.

Redio ndiyo iliyofuata. Mbeya tuna Baraka FM ya Wamoraviani, na Radio Maria, iliyoanza Songea mwaka 1996, nayo ina wasikilizaji wengi wasio Wakatoliki. Mama ni mmoja wao, ingawa akiulizwa husema ni kwa ajili ya kwaya. Redio ina uzuri ambao vifaa vingine havina: kuna mtu hai anayeongea saa hiyo, anatuma salamu, anaombea wagonjwa. Kwa mzee anayeshinda peke yake, hilo lina uzito. Ubaya wake ni milima. Nyanda zetu hizi, ukishuka bonde moja mawimbi yanakatika, na ndugu zetu wa Makete wanajua kona ya ua ambapo redio inashika na ambapo haishiki. Halafu redio haichaguliwi sura. Ukitaka Ayubu leo, redio inakupa mchungaji anayehubiri juu ya ndoa.

Biblia ya kusikiliza inajaza pengo hilo. Programu ya Bible.is inayo Agano Jipya la Kiswahili kwa sauti, na waliotengeneza hiyo programu wana pia kifaa kinachoitwa Proclaimer, chenye sola na mkono wa kuzungusha, kinachofaa kikundi kizima kusikiliza pamoja. Kwa nyumba ya kawaida inatosha redio yenye tundu la memori kadi. Hesabu ni nyepesi: saa moja ya sauti yenye ubora wa kawaida wa usomaji, kilobiti 64 kwa sekunde, hula kama megabaiti 29. Agano Jipya zima linaenea kwenye kadi ndogo kabisa, na nafasi inabaki. Lina sura 260. Ukisikiliza sura moja kila siku ya kazi, siku tano kwa wiki, mwaka ukiisha nalo limeisha.

Kinachosumbua ni vitufe. Mzee akibonyeza kimakosa, anatoka Luka anaingia Waebrania, hajui arudi vipi. Tulibandika utepe mwekundu wa gundi kwenye kitufe cha kusimamisha na cha kuendelea, vile vingine tukavifunika kwa plasta. Usicheke, imefanya kazi.

Wamoraviani wana desturi ya mstari wa kila siku, iliyoanza Herrnhut kule Ujerumani. Kitabu cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731, na watu wao wakafika Rungwe 1891. Mke wangu alikulia na mstari huo kabla ya chai. Nilijaribu kuuhamishia kwenye simu, inalia saa kumi na mbili asubuhi. Tulidumu nayo wiki tatu, tukaanza kuizima kama tunavyozima kengele ya kuamka. Sasa nauandika kwenye karatasi, naubandika mlangoni. Anayetoka anausoma atake asitake.

Sasa ununue nini?

Mtoto wa kipaimara: Biblia ya karatasi ya ukubwa wa wastani na kitabu cha nyimbo cha kanisa lake. Simu atapata tu, mkitaka msitake. Siku akiipata, mkae naye mpakue programu isiyo na matangazo. Mwenye kuandaa masomo, awe mwalimu wa shule ya Jumapili au mzee wa kanisa: simu itamsaidia zaidi ya kitabu cha pili, ila akipanda madhabahuni apande na karatasi. Familia ya Kikatoliki iangalie idadi ya vitabu kabla ya kulipa. Inahitaji vyote 73, na Habari Njema ina toleo lenye vile vya ziada, wakati Union ya kawaida ina 66. Ukiwa dukani pindua kitabu, kifungue katikati hadi mwisho wa Ufunuo uone kama kurasa zimeshonwa au zimegandishwa kwa gundi tu. Za gundi huanza kumwaga Zaburi mwaka wa pili.

Kwa bibi na babu kuna swali moja la kuuliza kabla ya kifaa chochote: anaomba kwa lugha gani akiwa peke yake? Mama husali kwa Kinyakyusa. Kinyakyusa kina maandiko tangu enzi za wamisionari, na kwa lugha nyingine za huku, kama Kimalila, Kisafwa, Kinyiha, Kibena na Kikinga, kuna kazi ya tafsiri inayofanyika Mbeya tangu miaka ya 2000. Sehemu zake unazipata kwenye simu bure.

Mwaka huu kijana wangu anapata kipaimara. Nilimpa Agano Jipya la Kinyakyusa la bibi yake, ambalo yeye bibi hawezi tena kulisoma, nikamwambia arekodi sura moja kila jioni kwa simu ya mama yake. Kinyakyusa chake ni cha Uyole, kibovu. Jioni anakaa jikoni karibu na moto, anasoma, bibi anamkatiza: "Si hivyo, mjukuu wangu, rudia." Anarudia. Makosa yote na masahihisho yote yameingia kwenye memori kadi, nami sijayafuta. Wamefika Marko 6. Juzi nilimkuta mama mchana, yuko peke yake uani na redio yake, anamjibu mjukuu aliyeko shule: "Ee, hapo sasa ndipo."